Taa za Ukungu Zisihukumiwe Pamoja na Spotilaiti

Barua ya wazi kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi Tanzania, kwa uongozi wa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), na kwa mafundi umeme wa magari wa mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe

Barua hii inahusu taa za ukungu, yaani zile taa mbili zinazofungwa chini kwenye bampa la mbele la gari, pamoja na ile moja nyekundu ya nyuma ambayo magari mengi yanayotembea nchini hayana kabisa. Inaelekezwa kwa pande tatu kwa mpigo kwa sababu hakuna upande mmoja unaoweza kulimaliza jambo hili peke yake: askari ndiye anayesimamisha gari na kuamua kama taa iliyofungwa inafaa, VETA ndiyo inayofundisha na kuthibitisha ujuzi, na fundi ndiye anayekata waya. Hoja yenyewe ni moja. Taa ya ukungu haitofautiani na spotilaiti kwa idadi ya taa zilizo mbele ya gari, wala kwa rangi, wala kwa kuwa imefungwa kiwandani au gereji. Inatofautiana nayo kwa umbo la mwanga wake, na usalama wake unategemea namna umeme unavyoifikia. Yote mawili yanaweza kupimwa kwa muda mfupi na kwa vifaa vya bei ndogo. Kwa kuwa hayapimwi, dereva aliyefunga taa sahihi huamriwa azing'oe sawasawa na yule anayewapofusha wenzake, na fundi aliyefunga vibaya huendelea na kazi bila kuulizwa.

Nyanda za Juu Kusini ndizo zinazolifanya suala hili lisiwe la mapambo. Barabara kuu ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, hupanda kona za mlima Kitonga na kuingia katika miinuko ya Iringa, Mafinga na Makambako, kisha hushuka kuelekea Igawa na Chimala kabla ya kupanda tena hadi Uyole na jiji la Mbeya, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Uyole tawi moja huenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi huko Kasumulu. Kutoka Makambako tawi jingine huenda Njombe na Songea. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupanda miteremko ya Rungwe na safu ya Livingstone, ikapoa, ikageuka kuwa wingu lililolala juu ya lami. Na upande wa Mufindi, ukingo wa uwanda wa juu unaotazama mashariki hupokea pepo za kusi wakati wa kipupwe, ndiyo maana mashamba ya chai ya huko hukaa ndani ya ukungu asubuhi nzima. Wataalamu wa hali ya hewa huita hali hiyo ukungu pale uwezo wa kuona unapopungua chini ya mita 1,000, lakini dereva anayepita Isyonje, kwenye barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, alfajiri anaweza asione hata mita 30. Wakenya wanaopita Limuru, Kinale na Timboroa wanaijua hali hii vilevile, na mengi yatakayosemwa hapa yanawahusu pia.

Ukungu ni maji. Ni matone madogo sana yanayoelea hewani, mengi yakiwa na kipenyo cha kati ya maikromita 5 na 20 (maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kila tone hutawanya mwanga unaoligonga kuelekea pande nyingi, upande wa macho ya dereva ukiwemo. Ndiyo maana dereva anayewasha taa za mbali, zile ambazo wengi huziita full, hujikuta akitazamana na ukuta mweupe: mwanga mwingi unapita katika hewa ileile anayoitazama, na sehemu yake humrudia kabla haijafika barabarani. Tiba yake ni kuupanga mwanga, si kuuongeza. Taa ya ukungu hufungwa chini, mbali na mstari wa macho. Mwanga wake hutandaa kwa upana mkubwa kulia na kushoto ili uonyeshe ukingo wa lami na mstari mweupe wa pembeni. Na sehemu ya juu ya mwanga huo hukatwa bapa, ili hewa iliyo mbele ya macho ya dereva ibaki giza. Giza hilo ndilo linalomwezesha kuona.

Imani kwamba taa ya njano hupenya ukungu ina historia ndefu, na haikuanzia gereji za Mwanjelwa jijini Mbeya. Ufaransa iliyataka magari yake yatumie taa za mbele za njano tangu miaka ya 1930 hadi 1993. Hata hivyo, matone ya ukungu ni makubwa kuliko urefu wa wimbi la mwanga kwa takriban mara kumi hadi arobaini, na kwa ukubwa huo hutawanya rangi zote kwa kiwango kinachokaribiana, tofauti na chembe ndogo za hewa ambazo hutawanya zaidi buluu na kulipa anga rangi yake. Macho ya baadhi ya madereva hupumzika zaidi mbele ya njano, nayo Kanuni namba 19 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu taa za ukungu za mbele, huruhusu nyeupe na njano pia. Lakini plastiki ya njano inayobandikwa juu ya kioo cha taa mbovu haibadilishi umbo la mwanga. Inapunguza mwanga tu, na mwenye gari hulipia upungufu huo.

Ni lazima pia lisemwe wazi kwamba hata taa bora haimpi dereva haki ya kukimbia. Gari linalotembea kilomita 50 kwa saa huenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua kikwazo na kukanyaga breki, na lami ikiwa na unyevu, atahitaji takriban mita 40 ili asimame. Akiwa katika kilomita 30 kwa saa atahitaji kama mita 20. Basi lenye ukomo wa kilomita 80 kwa saa linapoutumia ukomo huo ndani ya ukungu wa mita 30, hakuna taa iliyotengenezwa duniani itakayoliokoa. Kazi ya taa ya ukungu ni kumsaidia anayekwenda polepole abaki upande wake wa barabara, na kwa kazi hiyo haina mbadala.

Kikosi cha Usalama Barabarani kina kila sababu ya kuchukizwa na spotilaiti. Mihimili mirefu ya LED inayofungwa juu ya kabini au mbele ya grili imetengenezwa kwa matumizi ya nje ya barabara, migodini na mashambani. Mwanga wake hauna mpaka wa juu, na dereva anayekutana nao kwenye kona za Kitonga hubaki bila kuona kwa sekunde ambazo gari lake linaendelea kutembea. Amri ya kuziondoa ni ya haki. Kasoro iko katika neno linalotumika, "taa za ziada", ambalo humfanya askari ahesabu taa badala ya kuzitazama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa wakati ambapo hakuna aliyeijua taa ya LED ya gari, na si haki kumtaka askari wa Igawa aibahatishe tofauti bila kupewa kipimo.

Kipimo kipo, nacho hakihitaji maabara. Jambo la kwanza ni maandishi yaliyo kwenye kioo cha taa yenyewe. Taa iliyothibitishwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali, kwa mfano 43 kwa Japani, na karibu yake herufi B au F3, ambazo huonyesha kuwa hiyo ni taa ya ukungu ya mbele. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo haitoshi. Jambo la pili ni mahali ilipofungwa. Kanuni namba 48, inayohusu ufungaji wa taa, hutaka kwa magari madogo ukingo wa chini wa taa usiwe karibu na ardhi kuliko sentimita 25, wa juu usizidi sentimita 80 wala kupita kimo cha taa kubwa za karibu (dim), na ukingo wa nje usiingie ndani zaidi ya sentimita 40 kutoka ubavu wa gari. Taa iliyo juu ya kabini haiwezi kuwa ya ukungu, hata mwenye gari aape vipi.

Jambo la tatu ni ukuta. Gari lisimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka kwenye ukuta, wakati wa giza. Kimo cha katikati ya taa kipimwe kutoka ardhini na kuchorwa ukutani kwa chaki. Taa sahihi iliyoelekezwa vizuri itachora utepe mpana wenye ukingo wa juu ulionyooka, na ukingo huo utakuwa chini ya alama ya chaki kwa sentimita 15 hadi 20. Spotilaiti itachora doa kali linalovuka alama kwenda juu. Mtu asiyejua lolote kuhusu umeme anaweza kuiona tofauti hiyo. Kila kituo cha polisi kando ya barabara kuu kina ukuta, na mstari wa rangi uliopigwa mara moja unaweza kutumika kwa miaka.

Kipimo hichohicho huwafichua wanaobadili balbu. Taa nyingi za ukungu za magari ya Kijapani zilibuniwa kwa balbu za halojeni, yaani balbu zenye uzi mwembamba wa chuma unaowaka ndani ya gesi, na kioo cha kuakisi kilitengenezwa kwa kuzingatia mahali hasa uzi huo ulipo. Balbu ya LED au ya zenoni inayopachikwa humo hutoa mwanga kutoka sehemu tofauti kidogo na ile aliyoikusudia mbunifu, na milimita chache hizo hutosha kuupeleka mwanga juu ya mpaka wake, machoni pa wengine. Upo pia ujanja wa tupa. Balbu ya H8 hutumia wati 35 na ya H11 wati 55. Vishikio vyao hufanana, ila vimetofautishwa kwa vijino vidogo ili moja isiingie pahali pa nyingine. Fundi anayekwangua kijino hicho kwa tupa ili aingize H11 katika nyumba ya H8 hajaongeza uwezo wa taa, bali ameleta joto ambalo plastiki haikukusudiwa kulihimili, na baada ya miezi kioo hugeuka njano na kupasuka.

Sehemu inayofuata inawahusu mafundi zaidi, kwa kuwa makosa ya mwanga humuudhi anayekuja mbele, lakini makosa ya waya huunguza gari lenye watu ndani.

Balbu mbili za wati 55 hutumia wati 110, na katika mfumo wa volti 12 hiyo ni zaidi kidogo ya ampea 9. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba wenye urefu wa mita tano, ukipitisha ampea hizo, hupoteza takriban volti moja nzima njiani, nayo hugeuka joto la wati kama 10 ndani ya waya. Waya wa milimita 2.5 za mraba wenye urefu uleule hupoteza theluthi ya volti tu. Hasara ya volti moja si ndogo, kwa sababu mwanga wa balbu ya halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti: volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Mwenye gari anayelalamika kwamba taa zake mpya ni hafifu, kisha akauziwa balbu za wati 100, kwa kweli alihitaji waya mnene. Balbu hizo zitavuta umeme karibu mara mbili kupitia waya uleule ulioshindwa kuzimudu za kwanza.

Umeme huo haufai kupita kwenye swichi ya dashibodi, wala kuchotwa kwenye waya wa taa kubwa, kwa kuwa swichi na waya wa kiwandani vilipimwa kwa mzigo wa kiwandani. Hapo ndipo inapohitajika rilei, ambayo ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili ifungulie umeme mkubwa. Ndani yake mna koili inayotumia kama ampea 0.15 hadi 0.2 tu, ikipata umeme hugeuka sumaku, ikavuta kipande cha chuma, na njia ya ampea 9 ikafunguka. Chini ya rilei nyingi kuna namba zinazotokana na kanuni ya Kijerumani ya DIN 72552, na fundi hahitaji kukisia. Namba 30 hupokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi, namba 87 huupeleka kwenye taa, namba 86 hupokea amri kutoka swichi, na namba 85 huenda kwenye bodi ya gari kama njia ya kurudishia umeme, ile ambayo mafundi huiita ethi. Waya wa namba 30 na 87 uwe wa milimita 2.5 za mraba. Wa swichi unaweza kuwa wa 0.75 bila madhara yoyote.

Amri ya swichi ichukuliwe kwenye waya wa taa ndogo, yaani taa za kuegesha, badala ya kuchukuliwa moja kwa moja kwenye betri. Kwa mpango huo taa za ukungu haziwezi kuwaka ilhali taa za nyuma za gari zimezimwa, na dereva anapozima taa zote anapoegesha, hizi nazo huzimika. Betri ya saa-ampea 45 ikiachiwa mzigo wa ampea 9 hukauka katika saa tano, muda ambao ni mfupi kuliko usiku mmoja wa Njombe.

Kuhusu fyuzi, kuna dhana potofu inayostahili kukemewa bila upole. Fyuzi hailindi balbu, hulinda waya. Ndiyo maana mahali pake ni karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 30, maana kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi. Kwa mzigo wa ampea 9 fyuzi ya ampea 15 inatosha. Fundi anayeweka fyuzi chini ya dashibodi, baada ya waya kupita mita mbili za chumba cha injini, ameilinda sehemu isiyo na hatari na kuiacha ile yenye hatari. Na yule anayezungushia fyuzi iliyoungua uzi wa shaba au karatasi ya sigara ameiondoa kabisa. Betri ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampea inapopigwa shoti. Waya uliochubuka kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kupitishia waya, baada ya miezi ya mtikisiko kwenye barabara mbovu, utagusa bodi, na plastiki yake itawaka kabla dereva hajajua harufu inatoka wapi.

Waya usokotwe? Usisokotwe. Muungo wa kusokota na kufungwa tepu nyeusi ndio unaoonekana zaidi magerejini, na ndio unaoharibika mapema zaidi: gundi ya tepu hulainika kwa joto la injini, maji huingia, na shaba hugeuka kijani. Muungo unaofaa ni wa kipachiko cha chuma kilichobanwa kwa koleo lake maalumu, kisha kikafunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kuchomea kwa risasi si kosa, mradi waya ufungwe imara karibu na muungo, kwa sababu risasi huufanya waya uwe mkavu na mtikisiko huukata pale ugumu unapoishia. Ethi ifungwe kwa bolti kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, kisha lipakwe grisi dhidi ya kutu. Taa nyingi zinazowaka hafifu upande mmoja hazina tatizo jingine ila ethi mbovu. Kwa magari mapya yenye kifaa cha kupima mkondo kwenye nguzo hasi ya betri, ethi iende kwenye bodi, isiende kwenye nguzo, la sivyo kompyuta ya gari hupata hesabu ya uongo.

Magari hayohayo mapya yanadai tahadhari nyingine. Taa zake huongozwa na kompyuta inayochunguza kila njia ya umeme, na waya uliochomekwa kiholela unaweza kuwasha maonyo kwenye dashibodi au kuunguza kisanduku cha bei kubwa kuliko taa zenyewe. Waya za mifuko ya hewa kwa kawaida hufunikwa kwa rangi ya njano. Hizo hazichezewi, wala hazitumiki kama kamba ya kushikizia waya mpya. Kabla ya kazi yoyote terminali hasi ya betri hutolewa kwanza, na hurudishwa mwisho, kwa sababu spana inayolegeza terminali chanya ikigusa bodi wakati hasi bado imefungwa hupiga shoti mkononi mwa fundi. Wenye malori ya volti 24 wakumbuke kwamba kwa wati zilezile ampea ni nusu, na kwamba rilei na balbu za volti 12 hazina nafasi humo.

Mwisho wa kazi kuna kipimo kimoja ambacho kingeamua ubishi mwingi kati ya fundi na mteja. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, volti hupimwa kwa mita kwenye betri, kisha kwenye soketi ya taa. Tofauti isizidi nusu ya volti. Ikizidi, kuna waya mwembamba, muungo mbovu au ethi yenye kutu, na fedha ya ufundi isilipwe mpaka ipatikane.

Taa ya nyuma inastahili aya yake, kwa kuwa imesahauliwa na wote. Kwenye TANZAM malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupanda milima kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na katika ukungu hatari kubwa ni ya anayetokea nyuma. Taa ya kawaida ya nyuma ina nguvu ya kandela chache tu (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja), ilhali taa ya ukungu ya nyuma, kwa Kanuni namba 38, hutakiwa kuwa na kandela 150 hadi 300. Hufungwa katikati au upande wa kulia kwa nchi zinazoendesha kushoto kama Tanzania, ikiwa angalau sentimita 10 kutoka taa ya breki ili zisichanganywe, na huunganishwa ili iwake pale tu taa kubwa au za ukungu za mbele zinapowaka, pamoja na alama ya rangi ya kaharabu kwenye dashibodi ya kumkumbusha dereva aizime. Isipozimwa ukungu ukiisha, nayo hugeuka kero kwa anayefuata. Magari mengi yaliyotumika Japani huja bila taa hii. Vichwa vya malori ya Ulaya vinayo, lakini mara nyingi hufichwa na tela ambalo halikuunganishiwa waya wake. Badala yake madereva huwasha hazadi huku wakitembea, jambo linaloficha ishara ya kukata kona na kumfanya anayefuata adhani gari limesimama. Kama fedha ya mwenye lori inatosha taa moja tu, na ianze hiyo ya nyuma.

Kutokana na hayo, Kikosi cha Usalama Barabarani kinaombwa kitoe maelekezo mapya kwa askari wake, yanayotaja mahali pa kufunga, umbo la mwanga na kipimo cha ukuta badala ya kutaja taa za ziada kwa jumla, na kuanza kuyatumia katika ukaguzi wa magari wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, ambapo magari tayari hukusanywa na kupewa stika. Taa isiyofuata umbo hilo iondolewe palepale. Inayolifuata isiguswe.

VETA inaombwa jambo ambalo tayari ina njia ya kulifanya. Mamlaka imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazi mikononi mwa mafundi wengine, na wengi wa mafundi umeme wa magari wa Mbeya na Makambako ni wa aina hiyo, wenye mikono hodari na wasio na cheti. Katika upimaji wa fani ya umeme wa magari iongezwe kazi moja ya vitendo: mtahiniwa afunge jozi ya taa za ukungu kwa rilei na fyuzi, kisha apimwe kwa mita na kwa ukuta, si kwa kueleza nadharia. Pamoja na hiyo itolewe fomu ya ukurasa mmoja, ambayo fundi ataijaza na kuitia saini kila anapofunga taa, ikionyesha wati za balbu, ukubwa wa waya, fyuzi, volti iliyopimwa kwenye soketi na kimo cha taa kutoka ardhini. Dereva ataihifadhi ndani ya gari pamoja na karatasi za bima, na askari atakuwa na kitu cha kusoma badala ya kubishana.

Gharama ya kufunga kwa njia hii ni kubwa kidogo kuliko ya kubandika: rilei moja, fyuzi na kishikio chake, mita chache za waya mnene na saa mbili za ziada. Mafundi wanaombwa waikatae kazi ambayo mteja hataki kuilipia hivyo, hata kama jirani ataichukua, na waanze kuandika fomu yao wenyewe kwa mkono bila kusubiri iliyopigwa chapa. Nacho Kikosi, kabla kipupwe hakijaingia mwezi Juni, kipige mstari wa kwanza wa rangi kwenye ukuta wa kituo kimoja kati ya Makambako na Uyole, na kiwaalike mafundi wa eneo hilo walete magari yao jioni moja yapimwe bila faini.